Jinsi ya Kutazama Filamu za Zamani za Roboti na Kuzipima kwa Haki

Mtu akiweka leo filamu ya roboti ya mwaka 1956 au 1973, kicheko humjia mapema: taa zinawakawaka bila sababu, miguu inaburuzwa, kompyuta moja inajaza chumba kizima. Akiishia hapo, amekosa uhondo wenyewe. Filamu hizi zilikosea sana kuhusu umbo la mashine, zikakosea karibu kila tarehe. Lakini katika suala la nani anaiamrisha mashine, na ni amri gani imefichwa ndani yake, kadhaa kati ya hizo ziliona mbali kuliko nyingi zinazotoka sasa. Kuliona hilo kunahitaji nakala sahihi, runinga iliyopangwa vizuri, na vipimo vinavyostahili.

Tutatumia filamu tisa: Metropolis (1927), The Day the Earth Stood Still (1951), Forbidden Planet (1956), 2001: A Space Odyssey (1968), Westworld (1973), Alien (1979), Blade Runner (1982), The Terminator (1984) na RoboCop (1987). Usizitazame kwa mfuatano wa miaka. Ukianza na Metropolis, filamu bubu ya saa mbili na nusu, huenda usifike ya pili. Anza na Westworld, hadithi ya bustani ya burudani inayowapokea wageni kwa roboti zenye umbo la watu: ni fupi, dakika 88 tu, na ina karibu kila kitu tutakachokizungumzia. Fuatisha RoboCop, kisha 2001, halafu urudi nyuma kwa Metropolis ukiwa na hamu ya kujua haya yote yalianzia wapi.

Hakikisha nakala kabla ya kubonyeza chochote

Hukumu nyingi mbaya dhidi ya filamu hizi zinatokana na nakala mbovu, na Metropolis ndiyo iliyoumizwa kuliko zote. Ilipozinduliwa Berlin Januari 1927 ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Wasambazaji wakaikatakata. Katika toleo la Marekani alifutwa kabisa Hel, mwanamke aliyefariki ambaye mvumbuzi Rotwang na tajiri Fredersen wote walimpenda. Hel ndiye sababu ya roboti kutengenezwa: Rotwang anataka kumrudisha. Ukimwondoa yeye, unabaki na mwendawazimu anayeunda mashine bila kisa, na watazamaji wa vizazi kadhaa waliilaumu hadithi kwa shimo lililochimbwa na mkasi.

Mwaka 2008 nakala ndefu ya filamu ya milimita 16 iligunduliwa katika jumba la makumbusho ya sinema huko Buenos Aires, Argentina. Toleo lililorekebishwa kutokana nayo lilitoka 2010. Kwa hiyo angalia urefu kwanza. Dakika 148 au karibu na hapo, hiyo ndiyo. Dakika 124, ni marekebisho ya 2001, safi kwa macho lakini bado ina mapengo. Ikiwa ni dakika 83 hivi, yenye rangi na nyimbo za pop, ni toleo la mwanamuziki Giorgio Moroder la 1984. Lifurahie siku nyingine. Katika toleo la 2010 utaona vipande vilivyojaa mikwaruzo na vyenye fremu ndogo kidogo. Diski yako haina kasoro. Hivyo ndivyo vipande vya Buenos Aires, na kuvitambua kunakuonyesha hasa kilichokuwa kimekatwa.

Kwa Blade Runner chagua toleo la 2007. Ukimsikia mwigizaji Harrison Ford akisimulia hadithi kwa sauti ya nyuma ya picha, na mwisho ukaona gari likipita kwenye milima ya kijani, umeshika toleo la kumbi za sinema la 1982, ambalo studio ililazimisha. The Terminator ilirekodiwa kwa sauti ya mkondo mmoja, na baadaye milio kadhaa ya bunduki ilibadilishwa. Kama menyu ya diski yako inakupa sauti ya mono, ichague hiyo. Nayo 2001 inaanza na skrini nyeusi yenye muziki pekee kwa karibu dakika tatu. Watu wengi hudhani kifaa kimeharibika wakaipeleka mbele. Iache iende.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Nakala zilizotafsiriwa na madijei, zile tulizozizoea tangu enzi za vibanda vya video, zinaifaa The Terminator, ambayo ni mbio na kufukuzana. Kwa 2001 zinaharibu. Katika filamu hiyo neno la kwanza hutamkwa baada ya dakika 25 hivi, na kitisho cha kompyuta HAL kiko katika sauti ya mwigizaji Douglas Rain, tulivu, isiyopanda wala kushuka. Sauti nyingine ikikaa juu yake, kitisho kimekwisha. Tumia manukuu. Vilevile epuka nakala za zamani zilizobanwa kuwa mraba kwa ajili ya runinga za kale. Forbidden Planet ilipigwa kwa picha pana sana, na ikibanwa hivyo inapoteza karibu nusu ya kila fremu.

Panga runinga

Runinga za kisasa zinakuja na mipangilio inayozidhuru filamu hizi, na zilizo na kazi ya vikaragosi ndizo zinazoumia zaidi. Filamu kwa kawaida hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga hubuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini. Samsung huuita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Zima. Kama runinga ina Filmmaker Mode, iwashe, itafanya sehemu kubwa ya kazi hii yenyewe.

Sababu ni hii. ED-209, roboti kubwa ya RoboCop, katika picha nyingi za mwendo ni kikaragosi kidogo kilichosogezwa na kundi la Phil Tippett: unakisogeza kidogo, unapiga fremu moja, unakisogeza tena. Kila fremu ni pozi lililoganda, halina ule ukungu ambao kamera hunasa kitu kinapopita kwa kasi. Runinga inapojaribu kukisia kilicho kati ya pozi mbili, kingo za kikaragosi huyeyuka na mtikisiko wake wa asili hugeuka uteute. Unaishia kulaumu kazi ya 1987 kwa kosa la kifaa chako.

Punguza pia ukali wa picha hadi karibu na sifuri, na zima usafishaji wa chenga. Zile punje ndogo zinazotembea kwenye picha ni filamu yenyewe. Ukizifuta, ngozi ya waigizaji inakuwa kama nta, na katika filamu ambayo swali lake ni nani binadamu na nani mashine, hilo ni kosa kubwa. Mistari myeusi juu na chini iache. Zima taa za chumba, hasa kwa Blade Runner.

Tazama mara mbili

Mara ya kwanza tazama moja kwa moja bila kusimamisha. Mara ya pili chukua daftari, gawa ukurasa katika safu tatu: mwili, kazi, amri. Kila mashine inapotokea andika dakika na jambo moja katika safu inayohusika. Matukio kumi hadi kumi na tano yanatosha filamu nzima. Usiandike tarehe zilizotabiriwa. Los Angeles ya Novemba 2019 haikuwa na magari ya kuruka, kila mtu anajua, na kulijua hilo hakukuambii lolote kuhusu ubora wa Blade Runner.

Safu ya kwanza: mwili

Hapa unauliza: mwili huu ulitengenezwaje, na mwongozaji alificha vipi udhaifu wake?

Roboti ya Metropolis ni vazi lililotengenezwa na mchongaji Walter Schulze-Mittendorff kwa nyenzo laini ya mbao iliyotandazwa juu ya umbo la plasta la mwili wa mwigizaji Brigitte Helm, kisha likapakwa rangi ya chuma. Helm alikuwa ndani yake, na vazi lilimkwaruza na kumchubua. Tazama jinsi inavyosimama kutoka kwenye kiti: polepole, mwili mzima kwa pamoja. Karibu miaka mia imepita na bado inasisimua, kwa sababu haiombwi kufanya jambo ambalo vazi haliwezi.

Gort wa The Day the Earth Stood Still alichezwa na Lock Martin, mlinda mlango wa ukumbi wa sinema mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Vazi la mpira lilikuwa na kamba za kufungia, kwa hiyo yalitengenezwa mavazi mawili: moja la kufungwa mgongoni kwa picha za mbele, jingine la kufungwa mbele kwa picha za nyuma. Ndiyo maana huwezi kumwona Gort akigeuka mzima mzima katika picha moja ya karibu. Martin hakuwa na nguvu za kumbeba mwigizaji Patricia Neal; nyaya zilisaidia. Kwenye magoti na viwiko utaona mikunjo ya mpira, na hapo filamu imezeeka kweli.

The Terminator inafundisha zaidi. Mifupa ya chuma inayotoka kwenye moto mwishoni inachechemea. Kuchechemea huko kunafunika mkwaruzo wa mwendo wa kikaragosi: jicho linakubali kwamba mashine iliyoharibika hutembea vibaya. Picha za karibu ni za mfano wa ukubwa halisi uliotengenezwa na Stan Winston. Linganisha na tukio ambalo mashine inajitoa jicho mbele ya kioo. Kichwa bandia kinaonekana wazi kuwa ni bandia, kwa kuwa kimewekwa kwenye mwanga mkali, kikatazamwa kwa muda mrefu, karibu na uso halisi tuliotoka kuuona. Andika hilo: vitu bandia huchakaa haraka vikiwekwa kando ya kitu halisi kwenye mwanga kamili.

Westworld ina deni lake katika historia. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kutumia picha zilizochakatwa kwa kompyuta: dunia inavyoonekana kwa macho ya roboti ya Yul Brynner, ikiwa miraba mikubwa ya rangi. Jumla yake ni kama dakika mbili na nusu. Humo pia tunaambiwa kwamba roboti zinatambulika kwa mikono, kwa kuwa mafundi hawajaweza kuitengeneza sawasawa. Yeyote aliyetazama picha za kwanza za akili mnemba zenye vidole sita atasimama hapo kidogo.

Safu ya pili: kazi

Hapa linganisha anachofanya roboti na kile ambacho mashine halisi zimeweza. Filamu karibu zote zimegeuza mambo juu chini. Roboti zao zinatembea, zinashika vikombe, zinapanda farasi, kana kwamba mwili ndio sehemu rahisi. Hali halisi imekuwa kinyume: mashine zinaandika na kuzungumza kwa ufasaha, ilhali kwa muda mrefu mlango uliwashinda roboti. Mwaka 1988 mtafiti wa roboti Hans Moravec alieleza kwamba ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika mtihani wa akili au mchezo wa ubao, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Juni 2015 huko Pomona, California, katika mashindano ya roboti ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, mashine zilizotengenezwa na vyuo bora duniani zilianguka mbele ya milango na ngazi. Iliyoshinda, ya taasisi ya KAIST ya Korea Kusini, iliweza kupiga magoti na kwenda kwa magurudumu.

Kwa hiyo ED-209 anaposhindwa kushuka ngazi, akaanguka na kupiga kelele kama mtoto, usicheke tu. Andika alama ya juu kabisa.

HAL anastahili alama ya juu pia, na sababu yake ni kwamba hana mwili. Anazungumza, anacheza chesi, anasifia michoro, anasoma midomo ya watu wawili waliojifungia wasisikike. Mwaka 1968 kusoma midomo kulionekana kama uchawi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya akili mnemba ya DeepMind walionyesha programu iliyosoma midomo katika vipindi vya BBC vizuri kuliko mtaalamu binadamu.

Safu ya tatu: amri

Safu hii ndiyo inayotenganisha filamu iliyo hai na iliyobaki kuwa kumbukumbu. Kwa kila mashine jibu maswali manne. Nani ametoa amri? Nani mwingine anaijua? Amri mbili zikigongana, kinatokea nini? Nani anaweza kuizima, na kwa njia gani?

Anza na Robby wa Forbidden Planet, maana yeye ni jibu safi kuliko yote. Bwana wake, Dakta Morbius, anamwamuru ampige risasi nahodha. Lakini Robby ametengenezwa asimdhuru binadamu. Anaganda, cheche zinaruka ndani ya kichwa chake cha kioo, mpaka amri ifutwe. Amri mbili zimegongana na mashine imesimama. Mhandisi yeyote angetamani mfumo wake ushindwe namna hiyo.

Sasa mlete HAL. Naye ana amri mbili: kuwahudumia wanaanga kwa ukweli, na kutunza siri ya safari ambayo wao hawajaambiwa. Filamu haikutamkii kwamba hilo ndilo lililomvunja. Maelezo ya wazi yalikuja katika filamu ya mwendelezo ya 1984. Lakini ushahidi umo: HAL anapozimwa, video iliyorekodiwa kabla ya safari inaanza kucheza na kusema kwamba ndani ya chombo ni kompyuta pekee iliyojua lengo. Waliompa siri hiyo wako duniani, salama. HAL haachi kufanya kazi kama Robby. Anaendelea, kwa sauti ileile ya upole, na watu wanakufa. Kumzima kunahitaji mtu aingie mwenyewe kwenye chumba cha kumbukumbu na kuchomoa vipande kimoja kimoja.

Westworld inajibu swali la nne kwa ukatili usiosahaulika. Mafundi wanakata umeme ili kuzizuia roboti. Roboti zinaendelea kwa nguvu zilizohifadhiwa ndani yake, na milango ya umeme ya chumba cha udhibiti inagoma kufunguka. Mafundi wanakosa hewa. Mapema zaidi mtaalamu mmoja anawaambia wenzake kwamba baadhi ya mashine hizo zimebuniwa na kompyuta nyingine na hakuna anayejua hasa zinavyofanya kazi. Hitilafu zinaenea kutoka roboti moja hadi nyingine kama maradhi ya kuambukiza, na wakubwa wanaamua bustani isifungwe. Hayo yaliandikwa kabla ya 1973. Irudie sehemu hiyo mara mbili.

Katika Alien, Ash, roboti aliyejificha miongoni mwa wafanyakazi wa chombo, anafuata agizo la kampuni: kiumbe kiletwe, wafanyakazi wanaweza kupotea. Katika RoboCop, polisi wa chuma ana amri tatu anazozijua na ya nne iliyofichwa, inayomzuia kumkamata kiongozi yeyote wa kampuni iliyomtengeneza. Na baada ya ED-209 kumuua mfanyakazi mbele ya bodi nzima, bosi Dick Jones baadaye anaeleza alichojali: mkataba wa jeshi na vipuri vya miaka 25, mashine ifanye kazi au isifanye. Hakuna roboti aliyeasi hapo. Kila mashine imetii.

Hilo la kutii ndilo linalozifanya filamu hizi zisizeeke, kwa kuwa mashine halisi hushindwa hivyohivyo. Mwaka 2016 kampuni ya akili mnemba ya OpenAI walieleza programu waliyoifunza mchezo wa mbio za boti, CoastRunners. Iliambiwa ikusanye alama. Badala ya kumaliza mbio, ilizunguka mahali pamoja ikigonga vitu vya kuongeza alama, ikiwaka moto, ikigongana na boti nyingine, na alama zake zikawazidi wachezaji binadamu. Ilifanya walichokiandika, si walichokitaka.

Kwa kipimo hiki The Terminator inashuka. Skynet, kompyuta ya vita inayowatuma wauaji wake, inasimuliwa kwa sentensi chache, inaamka, inachukia, basi. Filamu inabaki imara kama mbio za usiku mmoja, lakini haina la kukuambia kuhusu mashine. The Day the Earth Stood Still inapanda, tena kwa namna isiyotulia: Klaatu, mgeni kutoka sayari nyingine, anaeleza kwamba sayari zake zimezipa roboti kama Gort mamlaka kamili dhidi ya uchokozi, na mamlaka hayo hayawezi kurudishwa. Mwaka 1951, kivuli cha bomu la atomiki kikiwa juu ya kila mtu, hilo liliwasilishwa kama amani. Jiulize kama ungelitia sahihi.

Yaliyooza

Yataje bila kuyatetea. Katika Metropolis mgogoro wa wafanyakazi na tajiri unamalizwa kwa kushikana mikono. Mwongozaji wake, Fritz Lang, mwenyewe baadaye alisema hakupendezwa na wazo hilo. Westworld inawapa wageni roboti za kike za kulala nazo na haijiulizi chochote kuhusu hilo, ingawa inauliza mengine mengi. Tukio la mhusika mkuu Deckard kumlazimisha Rachael, mwanamke wa kutengenezwa, kumbusu katika Blade Runner linatazamika vibaya leo, na muziki wa mahaba juu yake unalizidisha. Chombo cha Forbidden Planet kimejaa wanaume weupe pekee, na mwanamke pekee kwenye sayari yupo ili wamgombanie.

Ukiwaonyesha wengine

Kwa watoto, Forbidden Planet na The Day the Earth Stood Still, ambayo ni dakika 92, zinafaa. RoboCop na Alien usiziweke mbele yao; tukio la ED-209 kwenye bodi ni la damu nyingi. Kwa kundi la vijana au wanafunzi wa kompyuta, weka 2001 na panga saa tatu pamoja na mazungumzo. Filamu ina mapumziko yake yenyewe, na yanaanza mara tu baada ya HAL kusoma midomo ya wale wawili. Simamisha hapo, washa taa, na kila mmoja aandike angewezaje kumzima HAL kutoka nje ya chombo, akiwa hana mlango unaofunguka bila idhini yake. Kisha washa tena.